Wembe wa Kukunja: Je, Wastahili Taabu Yake?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, somo letu la leo ni jawabu la swali tulilolisoma katika darasa, nasi tumeona lina manufaa kwa watu wengi.

SWALI

Ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani akaaye Butali, katika Kaunti ya Kakamega, kwa ajili ya biashara, atuuliza hivi: Amerithi wembe wa babu yake, ule wa zamani wa chuma kimoja ukunjwao ndani ya mpini wake, pamoja na kinoo na mkanda wa ngozi. Vijana humcheka, kwani vinyozi wa sokoni hutumia mashine za umeme. Wazee humwambia kuwa wembe huo ndio wa sunna, na mwenye kuuacha amepungukiwa. Je, kuna thawabu zaidi katika kuutumia? Na kama hakuna, wastahili taabu yake? Tena majirani zake hunyolewa vichwa baada ya msiba, naye huitwa ashiriki, afanyeje?

JAWABU

1. Kilichoamrishwa ni usafi, si chombo

Yapasa kwanza tutenganishe mambo mawili yachanganywayo mara nyingi: lengo na njia ya kulifikia. Yajulikana katika hadithi sahihi kwamba mambo ya maumbile mema ni pamoja na tohara, kuondoa nywele za chini ya kitovu, kupunguza masharubu, kukata kucha na kuondoa nywele za kwapani. Na katika mapokezi ya Anas aliyoyatoa Imam Muslim, tumewekewa mpaka: mambo haya yasiachwe kupita siku arubaini. Kadhalika mtoto mchanga hunyolewa siku ya saba, na mwenye kuhiji hunyoa au hupunguza, na kunyoa ni bora kwake.

Tazama, ndugu msomaji: katika yote hayo hapana sharti la wembe wa namna fulani. Wembe ni njia tu. Mwenye kunyoa kwa wembe wa kukunja, na mwenye kunyoa kwa wembe mwembamba wa kutupwa, wote wawili wametimiza. Basi wazee wale wana haki ya kuupenda wembe wao, lakini hawana haki ya kuufanya ibada. Na vijana nao hawana haki ya kukidharau kitu kwa kuwa ni cha kale. Ukale si hoja, na upya si hoja. Hoja ni manufaa na madhara.

Katika jambo hili tuna kisa kizuri cha Imam Shafii, aliyefariki mwaka 204 Hijria, nacho kimetajwa na Imam Nawawi. Yunus bin Abdul-Aala aliingia kwake akamkuta kinyozi anamnyoa kwapa. Imam akamweleza kuwa ajua vizuri kwamba sunna ya kwapa ni kung'oa, lakini maumivu yake hawezi kuyastahimili. Huyu ndiye Imam ambaye sisi watu wa pwani twafuata madhehebu yake! Hakuona haya kuchagua njia nyepesi iliyofikisha kwenye usafi ule ule. Taabu kwa nafsi yake haina thawabu; thawabu imo katika utiifu.

(Ama hukumu ya kunyoa ndevu zenyewe, hiyo ni mas'ala nyingine yenye maneno marefu, wala sipo mahali pake hapa.)

2. Taabu ya wembe wa kukunja ni ipi?

Asiyeutumia hudhani taabu yake ni khofu ya kujikata. La, khofu hiyo huondoka kwa mazoezi. Taabu ya kweli ni utunzaji. Makali ya wembe huu ni membamba mno, hata kila unapotumiwa hupinda kidogo. Kwa hiyo kabla ya kunyoa hupitishwa juu ya mkanda wa ngozi mara nyingi, huku mgongo ukitangulia na makali yakifuata, ili yanyooke. Kila baada ya muda hurudishwa kwenye kinoo chenye maji. Mkata miwa wa Butali alijua jambo hili kuliko wengi wetu: hatangulii kukata kabla ya kulipitisha panga lake kwenye tupa, kwani panga butu humchosha mkono na huharibu muwa. Nasi tumefundishwa na Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Shaddad bin Aus, kufanya wema katika kila jambo, hata mchinjaji akaamrishwa kunoa kisu chake ili mnyama asiteswe. Ikiwa mnyama ana haki hiyo, uso wa mwanadamu je?

Kisha nywele zilainishwe kwa maji ya moto na povu la sabuni kwa dakika chache. Ngozi ivutwe kwa mkono wa pili. Wembe ulazwe, usisimamishwe. Na upelekwe upande nywele zinakoota. Baadaye uoshwe, ukaushwe kabisa na kupakwa mafuta. Hapa watu wa Mombasa, Lamu na Malindi wazingatie zaidi, kwani hewa ya chumvi hula chuma upesi. Mwenye kuanza atatumia nusu saa. Aliyezoea, chini ya hapo.

Kwa sababu ya taabu hii, watu wa ulimwengu mzima walikuwa wakienda kwa kinyozi, na wahenga wetu wakasema kinyozi hajinyoi. Mambo yaligeuka pale King Camp Gillette wa Marekani alipoanza kuuza wembe mwembamba wa kubadilishwa mwaka 1903, akapata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1904. Katika Vita Vikuu vya Kwanza askari wa Marekani walipewa wembe huo, wakarudi nao makwao. Tangu hapo mtu akaweza kujinyoa bila kinoo wala mkanda.

3. Manufaa yake

Manufaa ya kwanza ni uchumi: wembe mmoja mzuri, ukitunzwa, huweza kumhudumia babu na mjukuu, wala hautupwi jaani kila wiki pamoja na plastiki yake.

La pili ni la ngozi, na hili latuhusu sisi hasa wenye nywele za kujisokota. Nywele kama hizo zikikatwa fupi mno, ncha yake kali hurudi na kuchoma ngozi, vikatoka vile vipele vya shingoni na kidevuni vinavyowasumbua vijana. Vile vyembe vya kisasa vyenye makali matatu au manne huinua unywele kwanza ndipo vikaukata chini ya ngozi, na hivyo huzidisha balaa. Ukali mmoja, ukienda upande wa nywele, huwa na madhara machache. Lakini kwa insafu tuseme: mwenye kusumbuliwa sana na vipele, lililo bora kwake ni kupunguza kwa mashine na kuacha unywele mfupi kidogo, asiguse wembe wowote.

4. Hatari yake, nayo ndiyo kiini cha somo

Manufaa yote hayo ni kwa wembe wa mtu mmoja. Wembe ukipita katika vichwa viwili, hukumu yake hugeuka. Damu kidogo isiyoonekana kwa macho yatosha kuchukua maradhi ya ini yaitwayo hepataitisi B na C, na virusi vya UKIMWI pia vyaweza kupita njia hiyo. Madaktari wamethibitisha kuwa virusi vya hepataitisi B huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku saba. Kupangusa wembe mara moja kwa kitambaa chenye spiriti si usafi wa kutegemewa. Na wembe wa kukunja ni mgumu kuchemshwa, kwani mpini wake huharibika na makali yake hufa. Basi kinyozi mwenye wateja wengi hana udhuru: atumie wembe mpya kwa kila kichwa, aufungue mbele ya mwenyewe, kisha autupe mahali salama. Na mashine ya umeme isidhaniwe kuwa salama kwa kuwa ni mashine. Ikishushwa mpaka kwenye ngozi, nayo hutoa damu.

Sheria yetu imejengwa juu ya kuondoa madhara, kwa nafsi na kwa wengine. Kuona haya kumwambia kinyozi abadilishe wembe si adabu, ni udhaifu. Tahadhari hii ni wajibu zaidi katika kumnyoa mtoto wa siku saba, ambaye hawezi kujisemea.

5. Kunyoa kwa ajili ya msiba

Katika jamii nyingi za Waluhya, jamaa wa marehemu hunyolewa siku chache baada ya mazishi. Hiyo ni desturi ya majirani zetu, wala hatukutumwa kuwakejeli. Ama Muislamu, imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari kwamba Mtume (S.A.W.) alijitenga na mwanamke apigaye mayowe, anyoaye nywele na araruaye nguo kwa ajili ya msiba, na wanavyuoni hawakulihusisha katazo hili na wanawake peke yao. Basi ndugu yetu aombe udhuru kwa maneno ya upole, kisha ashiriki kwa yaliyo bora: apeleke chakula, asaidie kazi, akae na wafiwa. Na akiwa na sauti mbele ya wazee, awanasihi kwamba wembe mmoja usipitishwe kwa jamaa wote. Nasaha hiyo haigusi mila yao, nayo huenda ikaokoa nyumba nzima. Wahenga walisema, ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji; nasi twaongeza: kisha tazama ni wembe gani.

KHITIMISHO

Kwa ufupi, ndugu yetu wa Butali: hapana thawabu ya ziada katika chuma cha babu yako. Ikiwa una nafasi asubuhi, una subira ya kunoa, na wembe huo ni wako peke yako, basi wastahili taabu yake, nawe utapata ngozi nzuri na kupunguza gharama. Ikiwa huna nafasi, chukua njia nyepesi bila haya. Ama kuuazima, au kuuazimwa, hata na ndugu wa tumbo moja, hilo liache kabisa.

Wallahu aalam.