Jiko la Umeme la Kuchomea: Tujikinge na Moto



Bonde letu la Kilombero linajulikana kwa mpunga, miwa na samaki. Linajulikana pia kwa umeme. Mitambo ya Kidatu, kwenye Mto Ruaha Mkuu, huzalisha umeme tangu mwaka 1975, na ile ya Kihansi, upande wa Mlimba, tangu mwaka 2000. Lakini kwa miaka mingi familia nyingi ziliona nyaya zikipita juu tu, huku chini wakipika kwa kuni na mkaa.

Siku hizi hali inabadilika. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Jiko la umeme ni mojawapo ya njia hizo. Hivyo tutazidi kuona majumbani majiko ya kuchomea nyama, kuku na samaki kwa umeme. Ni jambo jema, kwa kuwa moshi wa kuni na mkaa unadhuru mapafu ya mama na watoto. Lakini kila moto una tabia yake, na huu yatupasa tujifunze tabia yake kabla haujatufundisha wenyewe.

Moto wa kuni tumeuzoea. Tunauona na tunaunusa. Moto wa umeme huweza kujificha ndani ya waya, nyuma ya kabati, hadi siku unapojitokeza. Kwa sehemu kubwa hutokana na mambo matatu: mafuta, waya, na jiko kuachwa peke yake.

1. Mafuta

Ndani ya jiko la kuchomea mna koili inayowaka nyekundu. Chini au juu yake kuna wavu wa kuwekea nyama, na chini kabisa kuna sinia la kupokea mafuta. Kambale aliyenona, au kuku mwenye ngozi, hutoa mafuta mengi. Yakidondokea koili hushika moto. Yakiachwa kwenye sinia tangu juzi, leo yatapata joto tena, yatatoa moshi, kisha yatawaka.

Basi tufanye hivi: tuondoe mafuta yanayoning'inia kabla ya kuchoma. Tumwage mafuta ya sinia na kulisafisha kila baada ya kutumia, jiko likiwa limepoa na plagi imechomolewa. Kama maelezo ya jiko yanasema sinia litiwe maji kidogo, tuyatie kabla ya kuwasha, si baada ya mafuta kupata moto. Jiko lenyewe tusilitumbukize katika maji.

2. Waya

Umeme wa nyumbani Tanzania una nguvu ya volti 230. Jiko la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9. Soketi ya kawaida ya pini tatu imetengenezwa kwa ampea 13. Kwa hiyo jiko moja halina shida. Lakini tukichomeka kwenye waya wa nyongeza uleule jiko, birika la umeme na pasi, mzigo unapita kiasi. Waya mwembamba hupata joto, ganda lake la plastiki huyeyuka, na moto huanza.

Jiko lichomekwe moja kwa moja ukutani. Waya wa nyongeza uliozungushwa kama kamba hupata joto zaidi. Kama hapana budi kuutumia, uwe mnene na ukunjuliwe wote. Plagi ikiwa ya moto kushika, au soketi ikiwa na alama nyeusi, tuache kutumia na kumwita fundi umeme anayefahamika. Tusichomeke nyaya tupu kwa njiti za kiberiti. Tusibadili fyuzi kwa kipande cha waya, maana fyuzi ni mlinzi: hukatika yenyewe ili nyumba isiungue.

Masika yanapoleta maji hadi mlangoni, tuwe na hadhari zaidi. Tusiguse jiko wala swichi kwa mikono iliyolowa au tukiwa tumesimama kwenye sakafu yenye maji. Nyumba iliyoingiwa na mafuriko isiwashwe umeme kabla fundi hajaikagua.

3. Jiko lililoachwa

Hapa pana hatari ambayo wengi hawaifikirii. Mama anachoma samaki saa moja jioni, umeme unakatika. Anahamia kwenye mkaa, watu wanakula, wanalala. Saa nane usiku umeme unarudi, na jiko linawaka lenyewe, juu yake kuna kitambaa au kikapu. Kwa hiyo umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kuchomoa plagi, hata kabla ya kutafuta taa.

Jiko lipewe mahali pake: juu ya saruji au tofali, mbali na pazia, magunia ya mpunga, godoro na dumu la mafuta ya taa. Nyumba ya nyasi isiwe na jiko la namna hii chini ya paa. Watoto wakae mbali hatua tatu, na waya usining'inie mahali wanapoweza kuuvuta. Mwenye kupika afunge kanga yake vizuri, hasa nguo ya nailoni, ambayo huyeyuka na kugandamana na ngozi.

Na ndugu zetu wanaoendelea kuchomea kwa mkaa wasiliingize jiko ndani na kufunga mlango kwa sababu ya mvua au baridi. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Moto ukitokea

Usimwage maji! Maji yakikutana na mafuta yanayowaka hugeuka mvuke ghafla. Lita moja hutoa zaidi ya lita 1,000 za mvuke, na mafuta yenye moto hurushwa mpaka darini. Maji pia hupitisha umeme. Usimwage unga, maana nao huwaka. Zima umeme kwenye soketi, au kwenye mainswichi kama soketi haifikiki. Kisha funika moto kwa mfuniko wa sufuria au kwa mchanga mkavu, na usifunue mpaka upoe kabisa. Moto ukizidi, toeni watu wote nje, fungeni mlango, mpige simu 114 ya Zimamoto na kuwaita majirani. Asirudi mtu kuchukua vitu.

Mtu akiungua

Poza jeraha kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na bangili kabla ya kuvimba, lakini usibandue nguo iliyogandamana. Usipake dawa ya meno, yai, mafuta, asali wala majivu. Funika kwa kitambaa safi, kisha nenda kituo cha afya au Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Mtoto mdogo, jeraha la uso, mikono au sehemu za siri, na aliyepigwa na umeme, wote wapelekwe bila kuchelewa hata kama jeraha linaonekana dogo, kwa sababu umeme huunguza ndani. Anayeshikwa na umeme usimguse kabla ya kuuzima.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika jumuiya

1. Mainswichi ya nyumba yetu iko wapi, na je, watoto wakubwa wanajua kuizima?
2. Umeme ukikatika usiku wa leo, nani atachomoa jiko?
3. Katika jumuiya yetu, ni wazee gani wanaoishi peke yao wanaohitaji kukaguliwa nyaya zao?

Tuyajibu maswali haya kabla ya kuwasha jiko tena. Kinga ni bora kuliko tiba.