Mama Anataka Kwenda Bagamoyo kwa Miguu

*Mama yangu ana miaka 61, mjane, analima miwa hapa Ruhembe. Tangu sista mmoja awasimulie WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, habari za mahujaji wanaotembea Hispania, katikati ya mashamba ya mizabibu hadi kaburi la Mtakatifu Yakobo, mama anasema naye ana nadhiri: atakwenda Bagamoyo kwa miguu. Kaka zangu wamekataa katakata na wamemfichia hela zake za miwa. Sijui nisimame upande gani. Binti wa Ruhembe.*

Hela kwanza. Miwa ni ya mama na hela ni yake. Zirudishwe leo, kabla ya kikao chochote. Mtu mzima hazuiwi safari kwa kunyang'anywa fedha.

Hata hivyo, hofu ya kaka zako ina msingi. Ukishapita Mikumi mjini kuelekea Morogoro, barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Taifa kwa karibu kilomita 50. Humo mna simba, nyati na tembo, na si mahali pa kutembea kwa miguu. Hapo mama apande basi, sina jibu jingine. Kuna njia ya kuzunguka kupitia Ulaya, Kilosa, Kimamba na Dumila, lakini ni ndefu mno kwa umri wake, na masika Kilosa hufurika.

Huko Hispania, njia maarufu ina kilomita karibu 780 kutoka mpakani mwa Ufaransa hadi Santiago de Compostela. Ina mishale ya njano, maji, na nyumba za kulaza mahujaji kila baada ya mwendo mfupi. Karibu na Estella, kiwanda kimoja cha mvinyo kimewawekea mahujaji bomba la mvinyo wa bure tangu 1991. Na cheti cha hija hupewa hata aliyetembea kilomita 100 za mwisho tu. Wengi huanzia hapo, na hija yao ni hija. Kwetu nyumba za kulala ni parokia, na paroko lazima aarifiwe mapema.

Sasa nadhiri. Umeniandikia mengi, lakini hukusema mama aliiweka kwa ajili ya nini. Nahisi hamjamuuliza, mmebishana naye tu. Kaa naye jioni, umsikilize. Huenda alimlilia Mungu usiku kwa ajili ya mmoja wenu. Kisha muulize aliahidi nini hasa: kufika, au kufika kwa miguu? Akiona uzito, aende kwa paroko. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1196, inampa paroko uwezo wa kumwondolea mtu nadhiri binafsi kwa sababu ya haki, na kanuni ya 1197 inamruhusu mwenye nadhiri kuibadili kwa jambo bora zaidi au lililo sawa nayo.

Na waambie kaka zako mama hajapatwa na wazimu: wengi walikwenda Bagamoyo kwa miguu kabla yake. Wapagazi wa misafara walipita Kilosa na tambarare ya Makata wakielekea Bagamoyo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika huko 1868 na kuwakomboa watumwa. Februari 1874, Chuma, Susi na wenzao waliufikisha hapo mwili wa bwana wao, mmisionari na mpelelezi David Livingstone, baada ya kuubeba miezi mingi kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo.

Mimi ningepanga hivi. Shamba lake likishakatwa na malipo yakishaingia, apimwe presha zahanati. Atoke nyumbani Ruhembe kwa miguu hadi Mikumi, alfajiri, kabla matrela ya miwa hayajajaa barabarani. Apande basi hadi Chalinze, kisha Msata. Kutoka Msata hadi Bagamoyo ni kilomita 64: azitembee zote, polepole, kwa siku nne au tano, pamoja na wenzake wawili wa WAWATA.

Nawe tafuta raba imara, binti yangu. Umeuliza usimame upande gani: tembea naye.