Aliyepasuliwa kichwa asiiache tarehe ya kliniki

Ndugu msomaji, leo tumtazame mgonjwa aliyepasuliwa ubongo, akaruhusiwa kwenda nyumbani na kupewa tarehe ya kurudi kliniki. Wengi hurudi kutolewa nyuzi, ambazo kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 7 na ya 14. Wakiona kidonda kimefunga na nywele zinaota, tarehe inayofuata huachwa. Kwa anayetoka mkoani nauli ni tatizo la kweli. Lakini mara nyingi husemwa tu: "Alhamdulillahi ameshapona, tumsumbue wa nini?"

Kidonda cha ngozi ndilo jambo dogo. Aliyetolewa uvimbe, kipande chake hupelekwa maabara, na majibu huchukua siku kadhaa au hata wiki. Majibu hayo ndiyo yanayoeleza kama ni saratani, na kama anahitaji mionzi, kwa mfano katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza. Mionzi ikihitajika haifai kucheleweshwa. Naye mzee aliyeanguka akatolewa damu iliyovilia ndani ya fuvu, damu hiyo yaweza kujikusanya tena baada ya wiki chache, huku kovu lake la nje ni zuri kabisa.

Aende na nani? Aende na anayelala naye nyumba moja. Kwa desturi zetu huenda kaka mkubwa anayetoa fedha, naye akiulizwa hujibu "hajambo", kwa kuwa hakai naye. Mke au mama ndiye anayejua kwamba usiku alikakamaa, au anauliza jambo lile lile mara tatu, au amekuwa mkali kuliko zamani. Mgonjwa mwenyewe huenda hana habari. Kifafa kikitokea, andikeni tarehe, kilichukua dakika ngapi na kilianza upande gani. Chukueni karatasi ya ruhusa, picha za siti skani, na dawa zote zikiwa katika pakiti zake.

Dawa za kuzuia kifafa, kama fenitoini, kabamazepini na valpoeti, haziachwi ghafla. Kuziacha hivyo kwaweza kuleta kifafa kikali kisichokatika. Hili hutokea sana Ramadhani. Aya ya 185 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Akitaka kufunga, amuulize daktari kabla ya mwezi kuandama kama dozi zaweza kupangwa wakati wa futari na daku. Si kila dawa inakubali mpango huo. Tena kukosa usingizi nako huamsha kifafa, hivyo mkesha wa usiku kucha aupime.

Maswali ya ibada nayo yaulizwe kliniki, msione haya. Amepokea Abu Daud kisa cha mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akapata janaba. Wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kutayamamu. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika, akafundisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Kwa upande wa tiba, kidonda kisiloweshwe mpaka daktari aruhusu. Katika udhu, madhehebu ya Imam Shafii yanatosheka na kupaka maji sehemu ndogo tu ya kichwa, basi apake upande mzima. Josho lina hukumu zake, muulizeni sheikh wenu.

Kusujudu huongeza msukumo wa damu kichwani, na wiki za mwanzo kwaweza kuleta maumivu na kizunguzungu. Aswali ameketi, akiashiria, mpaka aambiwe. Ambaye mfupa wa fuvu haujarudishwa awe mwangalifu zaidi. Kuumikwa kichwani asikubali kamwe bila idhini ya aliyempasua.

Kuna mambo ambayo hayangoji tarehe. Homa pamoja na shingo kukakamaa. Maji meupe kama ya kisima yanayochuruzika kidondani au puani. Kichwa kinachouma zaidi kila siku, hasa alfajiri, pamoja na kutapika. Kulegea upande mmoja, maneno kupotea, au usingizi ambao hata akiitwa haamki vizuri. Lolote katika haya likitokea, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama kliniki yake ni keshokutwa.