Mwalimu wa Baiolojia na Darasa Lililonyamaza



Tukizungumzia masomo ya sayansi, mara nyingi tunaishia kwenye maabara, madawati na hadubini. Vitu hivyo vinahitajika, hatubishi. Lakini somo letu la robo hii linahusu jambo lisiloandikwa kwenye orodha ya vifaa, na tunalipata kwa mwalimu wa hapa nchini.

Halima Mwinsheikhe alikuwa mwalimu wa baiolojia. Aliona kwamba ni vigumu sana kuwafanya wanafunzi washiriki somo. Akiuliza swali, hawajibu. Akiwaweka katika vikundi wajadiliane, hawazungumzi. Sababu kubwa aliyoiona ni kwamba hawakukimudu Kiingereza. Baadaye aliandika kuwa dhamiri ilimsuta kila alipofundisha kwa Kiingereza pekee, kama sera ilivyotaka.

Walimu wengi wanayajua mateso hayo. Huchanganya lugha ili watoto waelewe, na siku ya mkaguzi hurudi kwenye Kiingereza. Mwinsheikhe alifanya zaidi: tatizo la darasani kwake alilifanya kuwa swali la utafiti, akaenda kulisomea Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Katika utafiti wake wa kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alilinganisha wanafunzi waliofundishwa sayansi kwa Kiswahili na waliofundishwa kwa Kiingereza. Wa Kiswahili walifanya vizuri zaidi. Mwaka 2007 alikamilisha tasnifu ya udaktari kuhusu mbinu ambazo walimu na wanafunzi wa sayansi hutumia kujinusuru kati ya lugha hizo mbili.

Sasa tuangalie kwetu. Mtoto wa Mitole huenda nyumbani anasikia Kimatumbi au Kingindo. Shule ya msingi amesoma sayansi kwa Kiswahili. Anajua mbegu ya ufuta inahitaji nini ili iote, maana amepanda shambani na mama yake. Anaingia kidato cha kwanza, na mbegu ileile inafundishwa kwa lugha ambayo hawezi kuitumia hata kuuliza swali. Anakariri. Hata mwalimu akimweleweshea kwa Kiswahili, mtihani utakuja kwa Kiingereza, na alichokielewa hatoweza kukiandika. Matokeo yakibandikwa, tunasema mtoto hana kichwa cha sayansi.

Wapo wazazi watakaosema, "Mwacheni azoee Kiingereza, ndicho chenye ajira." Wana haki ya kukitaka. Ila kufundishwa Kiingereza vizuri kama somo ni jambo moja, na kufundishwa kila kitu kwa Kiingereza usichokielewa ni jambo jingine. Wengine husema Kiswahili hakina maneno ya sayansi, ilhali Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya baiolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990!

Kamati haina uwezo wa kubadili sera. Lakini jambo aliloanza nalo Mwinsheikhe, yaani kuliangalia darasa kwa makini, linawezekana hata Mitole. Mwombeni mkuu wa shule ruhusa wajumbe wawili wakae nyuma ya darasa la kidato cha kwanza kwa vipindi viwili vya sayansi. Mwalimu aelezwe mapema kwamba hakaguliwi, na majina ya watoto yasiandikwe. Hesabuni ni wanafunzi wangapi waliouliza swali kwa hiari yao, ni wangapi waliojibu kwa sentensi nzima, na yote hayo kwa lugha gani. Kisha kaeni na mwalimu mwenyewe, mumuulize anaonaje, kabla ya kupeleka kwa wafadhili ombi lolote la vifaa vya maabara. Wafadhili nanyi, mkipokea ombi la hadubini, ulizeni hesabu hiyo ilikuwaje.