Motokaa ya Umeme katika Gereji ya Watu Wengi



Mwalimu wetu wa fizikia hupenda kutuambia kwamba hesabu za umeme si za kuandikwa ubaoni na kufutwa tu. Mimi nalikuwa nikiyasikia maneno hayo kama mtu asikiavyo mvua juu ya bati, mpaka likizo ya Desemba iliponikuta nyumbani kwa mjomba wangu huko Kampala. Huko nalifanya hesabu moja iliyokuwa sahihi kabisa, na kwa sababu yake mzee wa watu akaanguka katika ngazi. Nataka kuieleza habari hiyo pamoja na mafunzo yake, kwa faida ya wanafunzi wenzangu, na zaidi kwa ndugu zetu waliokwisha maliza masomo hapa, ambao wengine sasa wanakaa katika majumba ya ghorofa na wameanza kununua motokaa.

NYUMBA YENYEWE

Mjomba anakaa katika jengo la ghorofa lenye nyumba nane. Kila mtu ameinunua nyumba yake, lakini ngazi, paa, pampu ya maji na gereji iliyo chini ni mali yao wote. Umilikaji wa namna hii unakubaliwa na sheria ya Uganda ya mwaka 2001: mtu humiliki nyumba yake peke yake, na zile sehemu za pamoja ana fungu lake ndani yake pamoja na wenziwe. Kila nyumba ina mita yake ya Yaka, yaani mita ya kulipia kwanza. Taa za ngazi, taa za gereji na pampu zina mita ya tisa, ambayo wote huichangia kila mwezi. Tafadhali msomaji, usiisahau hiyo mita ya tisa, maana ndiyo iliyoleta ugomvi.

Mjomba alikuwa amenunua Nissan Leaf kuukuu iliyotoka Japani. Motokaa hii haina tangi la petroli. Ina betri kubwa, ambayo ilipokuwa mpya iliweza kuweka uniti 24 za umeme. Uniti moja ni nguvu ya wati 1,000 ikitumika kwa muda wa saa moja. Wala motokaa za namna hii si ngeni kwetu: mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Makerere walionyesha Kiira EV, motokaa ya umeme ya watu wawili, na mwaka 2016 likaonyeshwa basi la Kayoola lenye kusaidiwa na nguvu ya jua. Lakini motokaa ingawa imetengenezwa kwa ustadi wote, isipopata mahali pa kujazwa usiku, asubuhi haiendi popote.

KOSA LANGU

Siku ya tatu tangu nifike, mjomba aliniuliza kama naweza kumjazia motokaa pale pale nyumbani, kwa kuwa mahali alipozoea kuijaza palikuwa mbali. Nalimjibu kwa kiburi cha kidato cha sita, "Jambo dogo, Mjomba."

Ukutani mwa gereji palikuwa na soketi moja ya kawaida, iliyowekwa kwa ajili ya mashine ya kusafishia. Plagi zetu zina fyuzi ya ampea 13. Chaja ya mjomba, yaani chombo chake cha kujazia umeme, ilivuta ampea 10. Nalisema moyoni, "Kumi ni ndogo kuliko kumi na tatu, basi hakuna hatari." Kwa kuwa soketi ilikuwa mbali kidogo, nalichukua waya wa kuongezea, ule unaozungushwa katika kigurudumu chake. Nalivuta urefu wa mita chache, na uliobaki nikauacha umejizungusha vile vile. Saa mbili usiku nikawasha, tukaenda kulala.

Sasa fuateni hesabu. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 240. Volti 240 mara ampea 10 ni wati 2,400. Kutoka saa mbili usiku hata saa kumi alfajiri ni saa 8, na 2.4 mara 8 ni uniti 19 na kidogo. Mita ya tisa ilikuwa imebakiwa na uniti 19 tu, ambazo zingalitosha taa za ngazi na pampu kwa wiki moja. Motokaa ilizinywa zote kwa usiku mmoja. Taa zikazimika. Saa kumi na moja mzee mmoja wa ghorofa ya tatu, mwalimu mstaafu, alishuka kwenda kusali kama ilivyo desturi yake. Katika giza alikosa kipandio, akaanguka, akateguka kifundo cha mguu. Kulipokucha pampu ilikuwa kimya, na akina mama waliofungua bomba hawakupata hata tone.

Tena tulipoutazama ule waya wa kigurudumu, tulikuta mizunguko ya ndani imelainika na kushikamana kama peremende zilizoachwa juani. Fundi aliyeitwa alitikisa kichwa akasema, "Mshukuruni Mungu kwamba uniti zilikwisha. Zisingalikwisha, mngaliamshwa na moshi."

KWA NINI WAYA ULIPATA MOTO

Umeme ukipita katika waya hutoa joto. Waya ulionyooka hulitoa joto hilo hewani; waya uliozungushwa hulificha ndani, mzunguko ukiupasha moto mzunguko mwenziwe. Aaa pasi au birika huvuta umeme mwingi pia, lakini kwa dakika chache. Motokaa huvuta usiku kucha, na waya haupati nafasi ya kupoa.

Yafaa pia tukumbuke kwamba joto haliongezeki sawasawa na ampea. Ampea zikiwa mara mbili katika waya ule ule, joto huwa mara nne. Zikiwa mara tatu, huwa mara tisa. Ndiyo sababu waya wa taa haufai kuijaza motokaa. Mimi nalikuwa nimeihesabu fyuzi ya plagi tu. Sikuuhesabu waya, sikuuhesabu muda, wala sikuuliza ni mita ya nani.

BARAZA LA JUMAPILI

Jumapili iliyofuata wenye nyumba walikutana gerejini. Mjomba alisimama akasema kosa ni lake, kwa kuwa mimi ni mgeni wake. Nami nalisimama nikaomba radhi. Mama mmoja mwenye duka la nguo alitaka motokaa za umeme zikatazwe kabisa. Bwana mmoja wa ghorofa ya nne akasema yeye naye anataka kununua, na kwamba atatia chaja kubwa ya ampea 30, maana fedha anazo na mita anayo. Sauti zilianza kupanda. Ndipo yule mzee, mguu wake umefungwa kitambaa, akanigeukia akasema, "Mjukuu wangu, wewe ndiwe uliyeanza hesabu. Basi imalize. Kama nyumba zote nane zingekuwa na motokaa za namna hii, umeme wetu ungetosha?"

Nalipewa kalenda ya zamani, nikaandika nyuma yake. Fundi aliniambia kwamba jengo linapata umeme kwa nyaya tatu, kila mmoja wa ampea 60. Jumla ni ampea 180. Motokaa nane za ampea 30 zingetaka ampea 240. Basi hata kama watu wote wangezima taa, majiko na mabirika yao, umeme usingetosha. Mama wa duka akasema, "Mnaona?"

Lakini mzee aliuliza swali la pili, "Motokaa hutembea kiasi gani kwa siku?" Hapo ndipo nalipofumbuliwa macho. Wengi wao huenda kazini na kurudi, jumla kilomita 30 hivi. Motokaa ndogo ya umeme hutumia yapata uniti 20 kwa kilomita 100, au pungufu. Basi kwa kilomita 30 yataka uniti 6. Chaja ya ampea 10 hutoa uniti 6 kwa muda wa saa mbili na nusu tu. Mimi nalikuwa nikiifikiri betri nzima, na kumbe betri haikauki kila siku. Inatakiwa kurudishiwa kile ilichokitoa, basi.

Motokaa nane mara uniti 6 ni uniti 48. Kutoka saa nne usiku hata saa kumi na mbili asubuhi ni saa 8. Gawanya 48 kwa 8, utapata kilowati 6. Na ile chaja moja ya ampea 30 huvuta kilowati 7.2 peke yake! Basi motokaa nane zenye kungojana usiku huvuta kwa wakati mmoja umeme mdogo kuliko motokaa moja yenye haraka saa moja jioni, wakati kila jiko linawaka. Haba na haba hujaza kibaba.

Fundi aliongeza jambo moja lililompoza yule bwana wa ghorofa ya nne. Leaf nyingi za miaka ya kwanza hupokea kilowati 3.3 hivi tu kwa njia ya chaja ya nyumbani, hata ukiiwekea chaja kubwa namna gani ukutani. Kibuyu chenye mdomo mwembamba hakijai upesi kwa sababu umeleta ndoo kubwa.

MAPATANO NA KAZI YA FUNDI

Wenye nyumba walipatana hivi, wakaandika na kutia sahihi:

1. Kila mwenye motokaa ya umeme atavuta waya wake kutoka mita yake mwenyewe mpaka mahali pake pa gereji, kwa gharama yake. Mita ya tisa haiguswi.

2. Kazi itafanywa na fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Umeme, baada ya kuwaarifu wenzake wote.

3. Motokaa zitajazwa kuanzia saa nne usiku, kwa ampea 10. Nyumba zinazotumia waya mkuu mmoja zitangojana kwa zamu. Kwa kuwa nyumba hizo hazizidi tatu kwa kila waya, zamu tatu za saa mbili na nusu huwa saa saba na nusu, na kabla ya kucha zote zimekwisha shiba.

Mjomba alikuwa wa kwanza kufuata mapatano hayo, nami nalimsaidia fundi kushika ngazi. Alivuta waya mnene kuliko nilivyotazamia, kwa sababu safari kutoka mita mpaka gereji ilikuwa ndefu, na waya mrefu ukiwa mwembamba hupoteza nguvu njiani. Aliupitisha ndani ya bomba la plastiki, umenyooka, bila kiungo chochote katikati. Katika boksi la fyuzi aliutilia swichi yake peke yake, yenye kujikata ampea zikizidi. Tena aliweka swichi ya kinga, ile inayokata mara umeme unapovuja, hata uvujaji wa miliampea 30 tu, maana katika gereji sakafu huwa na maji na mtu huweza kushika motokaa kwa mkono uliolowa. Aliukagua waya wa ardhi kwa chombo chake, hakuukubali kwa macho tu. Mwisho aliifunga chaja ukutani, juu ya kimo cha maji, mahali ambapo motokaa nyingine haiwezi kuigonga ikirudi nyuma. Usiku wa kwanza alikuja mwenyewe baada ya saa moja, akagusa waya na plagi. Vilikuwa baridi.

WENZETU WA MBALI

Baadaye nalisoma kwamba fitina ya gereji si ya Kampala tu. Huko Hispania, sheria ya majengo ya pamoja, iliyorekebishwa mwaka 2009, inamtaka mwenye mahali pa motokaa awaarifu wenzake kwanza, naye alipe gharama ya kuweka chaja na umeme atakaoutumia. Ujerumani, tangu tarehe 1 Desemba 2020, mwenye nyumba katika jengo la pamoja ana haki ya kudai ruhusa ya kuweka chaja, lakini wenziwe hushauriana juu ya namna itakavyowekwa. Nalifurahi kuona kwamba baraza letu la viti vya plastiki lilifika karibu na pale pale.

Kuhusu zile uniti 19: tukisema uniti moja ni shilingi 800, deni lilikuwa shilingi 15,200, na mjomba alilirudisha siku ile ile. Mguu wa mzee haukuwa na bei. Kwa hiyo mpaka likizo ilipokwisha, kila siku saa kumi na moja alfajiri nalimngoja mlangoni pake na tochi, nikamshika mkono mpaka chini, nikamsindikiza kwenda kusali. Siku ya mwisho aliniuliza tutasoma nini muhula ujao. Nalimjibu, "Umeme tena, Mwalimu." Alicheka sana.

MAZOEZI KWA WASOMAJI

1. Jengo lina nyumba 12 na nyaya tatu, kila mmoja wa ampea 60. Kila motokaa hutembea kilomita 40 kwa siku na hutumia uniti 20 kwa kilomita 100. Je, kwa chaja za ampea 10, motokaa zote zaweza kujazwa kwa zamu kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ikiwa kila waya hujaza motokaa moja tu kwa wakati mmoja? Kama haiwezekani, ni lipi la kurekebisha?

2. Waya mmoja ulipita ampea 10, kisha ukapita ampea 20. Joto liliongezeka mara ngapi?

3. Katika nyumba unamokaa, taa ya ngazi huwashwa na mita ya nani? Swali hili halina jibu kitabuni. Nenda ukaulize.