Dondoo muhimu: Lushoto au Marangu?

Kama unataka kutembea siku nzima bila geti wala kibali kila kona, nenda Lushoto. Unashuka Mombo kwenye barabara kuu, kisha unapanda kwa kona kali hadi mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Anza na Irente: unapita mashamba ya kabichi na matunda, halafu ardhi inakatika ghafla na nyika yote inatandazika chini yako. Njiani nunua jibini na mkate wa shambani. Wenye miguu imara waendelee hadi kijiji cha Mtae, ila walale huko huko. Msitu wa Magamba uingie na mwongoza watalii wa mjini. Vinyonga wamejificha kwenye majani na bila jicho la mwenyeji utawapita tu.

Marangu ni ya anayetaka kuugusa Kilimanjaro. Unaweza kupanda hadi kituo cha Mandara, mita 2,720, na kurudi siku hiyo hiyo, lakini ada ya hifadhi ipo, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo, hivyo beba kitambulisho. Maporomoko ya Kinukamori yanawafaa watoto.

Epuka Machi hadi Mei: njia huteleza. Juni hadi Agosti usiku ni baridi kweli, kwa hiyo beba sweta.

Mwenye siku mbili tu na watoto wadogo, mimi ningempeleka Lushoto.