Jino la Kupandikiza: Maswali Kuhusu Fizi na Mfupa

Jino la kupandikiza husimama juu ya kipandikizi, yaani skrubu ndogo, aghalabu ya titani, inayokazwa ndani ya mfupa wa taya. Haya ndiyo maswali ambayo waliowekewa huuliza zaidi.

Jino hili haliozi. Kwa nini nilisugue?
Ni kweli titani haiozi, na hapo ndipo wengi wanapojisahau. Ukoga, yaani utando laini wa bakteria, huganda hata kwenye kipandikizi, na kinachougua ni ufizi na mfupa unaokishika. Piga mswaki mara mbili kwa siku hadi pale jino linapokutana na ufizi, na katikati ya meno pitisha kijiswaki chembamba cha saizi atakayokuchagulia daktari.

Fizi inatoka damu. Nipumzishe mswaki kwanza?
Usipumzishe. Damu, wekundu na uvimbe wakati mfupa ungali mzima ni hatua ya kwanza, na kwa kawaida hupona ukoga ukiondolewa. Ukipuuzwa, uvimbe unaweza kushuka na kuanza kula mfupa, na mfupa ulioliwa ni vigumu kurudi wote.

Mbona siumwi?
Jino la kuzaliwa limeshikwa na nyuzi zenye hisia, ilhali kipandikizi kimeshikana na mfupa moja kwa moja. Ugonjwa unaweza kwenda mbali kimyakimya, na kipandikizi kisilegee hadi mfupa uwe umekwisha. Kwa hiyo daktari huingiza kijiti chembamba chenye alama za milimita kupima kina cha ufizi, kisha hulinganisha picha ya eksirei ya leo na ile iliyopigwa jino lilipowekwa.

Nasikia ni mwili unakataa chuma. Ni kweli?
Hofu hiyo inaeleweka, lakini mzio wa titani ni nadra sana. Mara nyingi chanzo ni ukoga, hasa kwa aliyewahi kuugua fizi, anayevuta sigara au mwenye kisukari kisichodhibitiwa. Wakati mwingine ni mabaki ya saruji ya kubandikia jino yaliyosalia chini ya ufizi.

Maji ya chumvi na vidonge havitoshi?
Maji ya chumvi hutuliza, ila hayang'oi ukoga ulioganda. Antibiotiki za kujinunulia zinaweza kupunguza usaha siku chache huku mfupa ukiendelea kuliwa. Matibabu huanza kwa kusafishwa na mtaalamu na kupimwa tena baada ya wiki kadhaa. Ikibidi, ufizi hufunguliwa kwa ganzi ili kipandikizi kisafishwe, na kisichookoka hutolewa.

Haki zangu ni zipi?
Una haki ya kuelezwa gharama, hatari na njia mbadala kabla ya kukubali. Omba kadi yenye jina la mtengenezaji, saizi na namba ya toleo la kipandikizi chako: ukihamia mji mwingine, bila kadi hiyo daktari anaweza kuhangaika kupata bisibisi inayoingia. Tanzania Bara, usajili wa daktari wa meno huthibitishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Niende lini?
Hata bila dalili, fika kliniki angalau mara moja kwa mwaka, au zaidi kama daktari atakavyokupangia. Jino likicheza, usilikaze mwenyewe. Uso ukivimba, ukapata homa au ukashindwa kumeza, nenda hospitali siku hiyohiyo.